Kamati ya Marafiki wa Ndevu

Mama Chapa alikuwa amechapia watu barua kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna fomu iliyowahi kumshinda. Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda kimoja na nusu. Ndani mlikuwa na kompyuta, printa, mashine ya fotokopi iliyokohoa kila ilipofika karatasi ya tano, na ukutani kitambaa cha buluu cha kupigia picha za pasipoti. Watu walimletea maombi ya kazi, mikataba ya nyumba na barua za kuomba radhi kwa wakwe. Alizisahihisha bila kuulizwa. Ukimwandikia mkwe "nakujulisha", yeye anabadilisha iwe "naomba nikujulishe", kisha anakutazama juu ya miwani kama mtu aliyekutoa kwenye moto.

Jirani yake alikuwa Kinyozi. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo walifanya kazi huku wakipiga soga bila kuonana, kama watu wanaozungumza kwa simu isiyokatika. Mume wa Mama Chapa alipofariki, Kinyozi alifunga duka siku tatu akakaa mlangoni kwake kupokea wageni, mpaka ndugu wa marehemu wakamwuliza yeye ni mtoto wa nani katika ukoo. Mama Chapa hakulisahau hilo. Alimpa ufunguo wa akiba wa kibanda, na yaliyokuwa moyoni mwake alimwambia yote kupitia ukuta ule.

Mwaka ule wa uchaguzi, dada mkubwa wa Mama Chapa, aliyekuwa mkunga wa zahanati, aliamua kugombea udiwani. Alichoka kuzalisha wanawake kwa maji ya ndoo. Mpinzani wake alikuwa diwani aliyekuwa madarakani, mwenye malori ya kokoto, ambaye hata mke wake alimwita Mheshimiwa.

Sheria iliweka kikomo cha fedha ambazo mgombea angeweza kutumia. Kikomo kilikuwa kidogo kiasi kwamba Mheshimiwa angekivuka kabla ya kumaliza chai ya asubuhi. Ila sheria hiyo ilikuwa na huruma. Pembeni ya mgombea iliruhusu kamati za marafiki, nazo zingetumia kiasi chochote bila kusema kimetoka kwa nani, mradi tu marafiki hao na mgombea wasikae pamoja kupanga.

Mama Chapa aliyajua haya kwa sababu fomu zilipitia mikononi mwake. Ndani ya mwezi mmoja alichapa kamati kumi na moja za marafiki, zote zikiwa na anwani ya yadi ileile ya malori. Marafiki wa Maendeleo, Marafiki wa Vijana, Marafiki wa Amani. Akavaa viatu vya kutokea, akaenda ofisi ya usajili kuuliza kama kuna mtu aliyeliona hilo.

Ofisa wa usajili, kijana mwenye tai fupi, alimjibu kwa upole kwamba kazi yao ni kuona kama fomu imejaa. Imejaa ukweli au imejaa upepo, hiyo ni kazi ya wengine. Wengine gani? Bado hawajateuliwa, akasema, akamwita mtu mwingine kwenye foleni.

Mama Chapa alirudi akicheka kwa hasira. Akamsimulia Kinyozi ukutani kwamba sheria hii haina meno, na Kinyozi akasema basi hata paka angesajiliwa.

Paka alikuwepo. Aliitwa Ndevu, na alilala juu ya printa kwa sababu ya joto lake. Mama Chapa akajaza fomu ya Kamati ya Marafiki wa Ndevu. Mwenyekiti: Ndevu. Kazi: mlinzi. Je, amewahi kuhukumiwa? Hapana. Je, anamiliki malori, majengo au hisa? Hapana. Sahihi au dole gumba: wakamshika mguu wa mbele, wakauchovya kwenye wino wa muhuri, akaacha alama safi kuliko za wateja wengi. Sehemu ya katibu alisaini Kinyozi, kwa mbwembwe. Mama Chapa mwenyewe aliandikwa mwanzilishi. Wakabandika picha ya pasipoti ya Ndevu, masikio yote mawili yakionekana kama maelekezo yalivyotaka.

Fomu ilirudishwa baada ya siku nne. Picha ilikuwa imepigwa kwa haraka kwenye ukuta mweupe, na kanuni zilitaka buluu. Wakampiga Ndevu picha ya pili mbele ya kitambaa. Wiki iliyofuata hati ikatoka, ina muhuri na namba.

Mtaa mzima ulikuja kuiona. Watu walimwamkia Ndevu "shikamoo Mwenyekiti", akajilamba. Gazeti dogo la mjini lilichapa barua ya Mama Chapa pamoja na picha ya paka, na kwa siku tatu hakuna aliyezungumza habari nyingine. Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia mdogo wake kwamba amefanya kwa karatasi moja kitu ambacho yeye asingekifanya kwa mikutano kumi. Mama Chapa aliamini kwamba sheria ikishachekwa namna ile itaona aibu na kujirekebisha. Haikuona. Kicheko kilipoisha, kamati kumi na moja za yadi ya malori ziliendelea na kazi, na hati ya Ndevu ikabaki ndani ya droo.

Wiki tatu kabla ya kura, mkunga alikuja asubuhi na mapema, sare ya zahanati mwilini. Kwa kawaida angepita moja kwa moja hadi kwenye kiti cha ndani. Safari hii alisimama mlangoni, akaweka kipeperushi juu ya meza.

Kilikuwa cha rangi, karatasi nzito. Juu kiliuliza kwa herufi nene: MKUNGA, YUKO WAPI MAMA ALIYEFIA MIKONONI MWAKO? Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Kimelipiwa na Kamati ya Marafiki wa Ndevu.

Mama Chapa alikaa chini. Habari ile ilikuwa ya miaka minane nyuma, usiku wa mvua, gari la wagonjwa lilipokwama njiani. Halikuwa kosa la mkunga, lakini alilia mwezi mzima, na katika ukoo wote alimwambia mtu mmoja tu.

"Dada, sijakiandika mimi."

"Kamati ni ya nani?"

"Yangu. Lakini ulikuwa mzaha, dada, wewe mwenyewe ulicheka."

"Nilimcheka paka," mkunga akasema. "Hili la yule mama, paka alilijuaje?"

Akaondoka bila kungoja jibu, na jibu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Mama Chapa hakuenda kwa Kinyozi kwanza. Alikwenda ofisi ya usajili, labda kwa sababu bado alitaka iwe ni makosa ya karatasi. Kijana wa tai fupi akatoa faili la Ndevu, ambalo sasa lilikuwa nene. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa sahihi ya katibu. Kulikuwa na muhtasari wa kikao, nao ulisema mwenyekiti alihudhuria na hakuwa na pingamizi. Aliisoma tarehe, akakumbuka kwamba siku hiyo Ndevu alishinda kwa jirani, amejikunja kwenye kiti cha kunyolea.

Akaomba kamati ifungwe. Kijana akamweleza kwamba mwanzilishi hana mamlaka hayo. Inahitajika barua ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti ni paka, mwanangu."

Kijana aliitazama picha kwa muda, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Pingamizi hilo lilitakiwa liletwe ndani ya siku kumi na nne, mama," akasema.

Alimkuta Kinyozi akipangusa vioo vipya, vitatu, vyenye taa pembeni. Hakukataa kitu. Alisema Mheshimiwa huja kunyolewa kila Ijumaa, na maneno yalianza kama utani, kwamba ile kamati ya paka ni nzuri kwa kuwa haina anwani ya yadi na hakuna atakayeishuku. Mama Chapa alipomkumbusha kwamba sheria inakataza kukaa pamoja kupanga, Kinyozi alijibu kwa sauti ndogo, bila hata kutabasamu, kwamba Mheshimiwa alikaa, yeye alisimama.

"Si wewe uliyesema haina meno?" akaongeza. "Nimetia kidole, kweli haing'ati."

"Na yule mama je? Hilo ulilitoa wapi?"

Kinyozi akaendelea kupangusa kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata. Alisema walitaka kitu chochote kuhusu mkunga, na yeye hakuwa na kingine ila hicho alichokisikia ukutani. Alidhani wangeandika kidogo tu.

Mama Chapa alimwona kwenye vioo vyote vitatu, na katika vyote alikuwa ni yuleyule aliyekaa mlangoni kwake siku tatu. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, angejua pa kumweka. Akaomba ufunguo wake, akapewa, akatoka.

Mkunga alishindwa kwa kura mia mbili na kumi. Mheshimiwa aliwashukuru marafiki zake wote, wa kila aina.

Siku ya tisa baada ya matokeo, mkunga alikuja kibandani. Aliketi kwenye benchi la wateja, upande wa nje wa meza, akatoa fomu ya malalamiko. Alisema anajua haitarudisha kura, ila anataka ibaki imeandikwa mahali, ili familia ya yule mama aliyefariki ijue si yeye aliyeitoa habari yake hadharani.

Mama Chapa akaanza kuchapa. Jina la mlalamikaji, anwani, tarehe. Alipofika kwenye jina la mlalamikiwa, mikono ikasimama.

"Niandike Kinyozi?"

"Kinyozi hajawahi kusikia kitu kutoka kwangu," mkunga akasema. Hakukuwa na ukali ndani yake, na ndiyo maana iliuma. "Andika yule niliyemwambia."

Mama Chapa alitaka kujitetea. Alitaka kusema kwamba yeye pia amesalitiwa, kwamba alikuwa anaipigania haki ya dada yake kwa namna alivyojua. Lakini kila sentensi aliyoitunga kichwani ilianza na paka. Akaandika jina lake mwenyewe, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kwenye uhusiano akaandika: mdogo wake wa tumbo moja.

Mkunga aliisoma karatasi ikiwa bado ina joto la printa, akasaini. Kisha akafungua mkoba, akauliza ni kiasi gani.

Kwa miaka kumi na tisa dada yake hakuwahi kuuliza swali hilo. Mama Chapa akamtajia bei.