Bandeji za Kijana wa Soda

Kovu lililo chini ya kidevu changu nililipata kwa sababu ya tangazo la soda. Jambo hili nimelikana kwa muda mrefu. Nikiwa chuo kikuu nilisema niliangukia jembe shambani, jibu lililonipa heshima kubwa mbele ya wenzangu waliokuwa wakilisifu jembe bila kulishika. Mume wangu nilimwambia niliteleza na ndoo ya maji. Baadaye nikaanza kuandika makala za kuyashuku matangazo ya biashara, na msomaji akiniuliza kama tangazo limewahi kunipata mimi mwenyewe, nilijibu hapana, huku nimeshika kidevu.

Tulikuwa tukikaa Mwazye, kijiji cha upande wa Sumbawanga, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Baba alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Mbeya. Mama alikabidhiwa duka la kijiji kwa sababu alijua hesabu na kwa sababu hakuwa na ukoo pale wa kuupendelea. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kumgeuka. Muuza duka mwenye ndugu, watu wanajua bidhaa zinakwenda kwa nani. Asiye na ndugu inabidi wamchunguze.

Duka lenyewe lilikuwa na chumvi, majembe, na mara mojamoja sabuni ya mche, ikikatwa vipande kwa uzi. Rafu zilizobaki zilikuwa na vumbi tu. Siku moja dereva wa lori lililotuletea bidhaa kutoka Sumbawanga alitoa karatasi kubwa ya rangi nyuma ya kiti chake.

"Bandika hii, mama mwalimu," akasema. "Duka lisikae uchi."

Ilikuwa picha ya kijana wa Kizungu, nywele mpaka mabegani, kaptura fupi, akiteremka kilima huku amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne madogo. Mkono mmoja ameunyoosha kando, mwingine ameinua chupa ya soda. Magotini alikuwa amefungwa vitu vyeupe vinene. Leo najua kwamba vilikuwa vikinga vya magoti. Wakati ule, Mwazye nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona mwenzake akijifunga kabla ya kuumia. Aliyefungwa magoti alikuwa mgonjwa wa magoti.

Wa kwanza kulitambua hilo alikuwa bibi jirani yetu, ambaye baridi ya Juni ilimwingia kwenye viungo hata akatembea kwa fimbo mpaka mvua zianze. Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, kisha akainyooshea fimbo.

"Huyu alikuwa anaumwa."

"Anacheza tu, bibi," mama akamjibu. "Hiyo ni soda."

"Anacheza na bandeji?"

"Sijui, bibi. Ni mambo ya Wazungu."

"Hujui, na umeibandika dukani."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, habari ilikuwa imekamilika. Kuna dawa ya magoti. Ni ya kunywa. Aliyeinywa anaweza hata kusimama juu ya magurudumu. Wazee wakaanza kuja dukani mmojammoja, wakapokea shikamoo ya mama, wakauliza mavuno, wakauliza hali ya mwalimu, ndipo wakaitaja ile chupa. Mama akasema haipo. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Tunajua, mwanangu. Haipo kwa kila mtu."

Siwacheki wazee wale. Sukari nayo ilikuwa haipo, lakini zipo nyumba ambazo mgeni alipewa chai yenye sukari. Watu walikuwa wamejifunza. Kama kitu hakipo, picha yake inafanya nini ukutani? Swali hilo ningelipata darasani miaka mingi baadaye, kwa maneno marefu zaidi, na nisingelijibu vizuri kuliko mama, ambaye hakulijibu kabisa. Hata mimi nilichungulia uvunguni mwa kitanda chake. Palikuwa na viatu vya baba.

Upande wangu, sikuamini habari ya dawa. Nilikuwa na ujinga wa aina nyingine. Niliamini kwamba nikisimama kama yule kijana alivyosimama, nitakuwa mahali alipo, penye soda nyingi na barabara isiyo na matope. Kaka yangu alikuwa fundi wa magari ya miti. Akakata magurudumu kwenye gogo, akayapigilia chini ya kipande cha sanduku la sabuni. Nikachukua chupa tuliyokuwa tukiwekea mafuta ya taa. Nayo ilikuwa chupa ya soda, na ilikuwa tupu kwa sababu mafuta ya taa nayo hayakuwapo. Nilitaka nifanane na picha kwa kila kitu.

Tulichagua mteremko wa kutoka misheni kwenda mtoni, saa ambayo wanawake walikuwa wakirudi na maji. Nikapanda. Nikanyoosha mkono mmoja, nikainua chupa kwa mwingine. Kaka akasukuma.

Nilisimama. Naapa nilisimama, na kundi zima la akina mama na ndoo zao waliniona. Kisha gurudumu likang'oka, ubao ukaenda zake, nami nikaiangukia chupa.

Nilishonwa kidevu kwenye zahanati ya misheni. Kabla sijarudi nyumbani, kijiji kilishajua kwamba mtoto wa muuza duka ameonekana amesimama juu ya magurudumu, na dawa mkononi.

Jioni hiyohiyo mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani kwetu na balozi wa nyumba kumi, na nyuma yao bibi wa fimbo, ambaye hakualikwa. Walifungua masanduku. Walitia mkono kwenye kihenge cha ulezi mpaka kwapani. Hawakupata kitu.

"Imekwisha," bibi akasema. "Amemaliza mtoto."

"Ilikuwa chupa ya mafuta ya taa, bibi," mama akasema.

"Mafuta ya taa yapo?"

"Hayapo."

"Basi chupa ilikuwa ya nini?"

Balozi alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. "Mama mwalimu, mimi nakuamini," akasema. "Lakini picha umebandika wewe, chupa imetoka kwako, na aliyepanda magurudumu ni mwanao. Niende mkutanoni nikaseme nini?"

Sijui alikwenda kusema nini. Najua kwamba mama alirudisha funguo za duka, na kwamba hakunipiga. Alinibadilisha bandeji ya kidevu akitazama kwingine. Kwa muda wote tuliobaki pale, akina mama walimsalimia vizuri, ila mazungumzo yao yalipungua alipofika kisimani.

Sasa mama ni mzee, yuko peke yake Malangali ya Sumbawanga, katika nyumba aliyoijenga na baba inayotazama barabara. Mwaka jana vijana wa kampuni moja ya simu walimfuata. Watampakia rangi nyumba nzima bure, mradi ukuta wa mbele uchorwe tangazo lao. Mpwa wangu alinitumia mchoro nikiwa Dar es Salaam. Nilipoufungua nikashika kidevu. Alikuwa yuleyule. Safari hii ni mtoto wa Kiafrika, amevaa kofia ngumu, amesimama juu ya ubao wa magurudumu manne, na mahali pa chupa ameinua simu. Magotini, vitu vilevile vyeupe.

Nilimpigia mama papo hapo. Nikamweleza kwamba siku hizi ubao huo unauza simu, benki, hata maziwa ya mtindi. Kwamba enzi zetu picha ilikuja kabla ya lami, na sasa lami ipo kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga lakini sijaona mtu hata mmoja anayeteleza juu yake kwa ubao, naona malori ya mahindi. Kwamba vijana wa kwenye matangazo hawaanguki, na wakianguka hawaonyeshwi. Kwamba watu watakuja tena kumwuliza asichokuwa nacho, na hajasahau ilivyokuwa.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Bado."

"Basi iliyobaki iandike. Nimebandika ugali."

Halafu hakupokea simu zangu. Mawazoni nilimwona mlangoni akihojiwa na majirani kuhusu vifurushi vya bure, akijibu havipo, nao wakitazamana. Nilikaribia kukata tiketi ya basi. Kisha akapiga yeye.

"Nimewakubalia," akasema.

"Mama!"

"Ukuta unabanduka, mwanangu. Na makala zako hazipaki rangi."

"Na watu je?"

"Nimewapa sharti. Nimewaambia hizo bandeji za magotini wazifute, la sivyo wabebe ndoo zao. Mmoja akaniambia, bibi, hizo ni za usalama. Nikamwambia, usalama wangu kwanza."

"Wakakubali?"

"Wamezifuta ukutani asubuhi. Yuko magoti wazi, mzima kabisa." Nilisikia akisogeza kiti, kisha lori likipita. "Wazee wametoka misa hapa, wamesimama, wamemwangalia weee. Wakanisalimia, wakaenda zao. Hakuna aliyeomba kitu."