Mtasema Hashuki Kitini

Wifi yangu hajawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili ya yule mbwa, na mimi simwombei. Ninaandika haya ili wajukuu wasije wakasimuliwa kwamba bibi yao amerukwa na akili. Akili zake ziko mahali pake. Ana gari, ana kazi, ana kanuni moja, na vyote vitatu nusura anyang'anywe asubuhi moja mbele ya lango la kaka yetu mkubwa, sote tukiwa tumevaa nguo za harusi.

Ni mjane wa kaka yangu wa pili. Watu wanamwita Mama Pumba, kwa kuwa anauza chakula cha kuku na kukifikisha mwenyewe mlangoni kwa mteja, kwa pikapu ya milango minne aliyoachiwa na mumewe. Utingo hana. Gunia analipandisha begani, anaingia nalo uani, anamgombeza mteja kwa banda chafu, anatoka. Muda wote huo gari linalindwa na mbwa. Pasipo mbwa, angetoka uani akakuta magunia mengine yameota miguu. Kwa hiyo msiniambie mbwa yule ni pambo. Ni mfanyakazi, tena asiyedai likizo.

Jina lake Mtasema. Alimpa jina hilo makusudi, ili jioni akimwita kwa sauti majirani wajue ni wao wanaoambiwa.

Mama yake Mtasema alikuwa mbwa wa marehemu kaka yangu, mume wa wifi. Tulikuwa tunahamisha vyombo, na kaka mkubwa akajitolea kumfunga mbwa kule nyuma kwenye mizigo. Akamtia kamba shingoni, kamba ndefu, akasema apate nafasi ya kujinyoosha. Sisi tukaingia ndani, mume wa wifi akaendesha, redio ikaimba. Tulipofika kwenye kona ya kiwanda cha matofali mbwa akaona mbuzi, akaruka. Kamba ilikuwa ndefu ya kutosha kumtoa nje ya gari, lakini haikutosha kumfikisha chini. Watu wa njiani ndio waliotupigia kelele tusimame. Tulichokikuta sikiandiki hapa.

Kaka mkubwa alisema mbwa yule alikuwa mpumbavu. Basi katika ukoo wetu ikawa hivyo: palikuwa na mbwa mpumbavu aliyejinyonga. Wifi hakubishana na mtu. Alirudi nyumbani kwenye vitoto vilivyokuwa bado vinanyonya, akavilea kwa chupa, na kimoja kilichopona ndicho Mtasema.

Mbwa alipokua, wifi alimpeleka kwa fundi anayeshona viti vya magari. Nilikuwepo. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano.

"Mama, mbwa avae mkanda? Abiria wenyewe hawavai!"

"Hao wana akili zao, waache wafe nazo," wifi akamjibu. "Wewe shona."

Mbwa akashonewa kitu kama kisibau, kwa mikanda ya viti vikuukuu: kinapita kifuani, kinazunguka nyuma ya miguu ya mbele, na mgongoni kina kitanzi kipana. Mkanda wa kiti unapita kwenye kitanzi hicho na kwenda kubana mahali pake, kama wa binadamu. Shingo haiguswi. Gari likifunga breki ghafla, uzito wote unabebwa na kifua. Wifi alikipima tena na tena mpaka mbwa akaweza kukaa na kulala, lakini asiweze kumfikia dereva wala kutoa kichwa dirishani. Siku za kwanza alikitafuna. Wifi akawa anamvisha gari likiwa limesimama uani, anampa chakula humo humo, kisha wanazunguka mtaa kidogo na kurudi. Siku hizi Mtasema akisikia funguo zinalia, ananyanyua mguu mwenyewe avishwe.

Mimi nilimtania sana, wifi ni wa kutaniwa. "Mbwa ana kiti, ana mkanda, ana dirisha. Mimi nina nini?"

"Una mdomo, wifi. Na huo haujapatikana mkanda wake."

Tangu hapo ikawa kanuni: chenye roho kinakaa ndani na kinafungwa, nyuma ni pa magunia. Wapagazi wa sokoni walimwomba lifti ya kudandia nyuma mpaka wakachoka. Mumewe alipofariki, watu walidhani atalegea. Alikaza zaidi.

Tatizo ni kwamba kaka mkubwa ndiye aliyewekwa kusimamia mali ya marehemu, na alikuwa na kijana wake mtu mzima aliyelitazama lile gari kama paka anavyotazama samaki kikaangoni. Kila tukikutana kaka mkubwa alitupa neno: gari la mdogo wangu, mdogo wangu na gari lake. Wifi alikuwa anasikia. Alikuwa anaendelea kula.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mdogo wetu wa mwisho, mji wa mbali. Baba yake binti hayupo duniani, kwa hiyo kaka mkubwa ndiye aliyetakiwa kumkabidhi. Basi la ukoo liliondoka alfajiri, likamwacha yeye akichagua kofia. Wifi akaombwa awachukue waliobaki: kaka mkubwa, mkewe, kijana wao na mimi. Mbwa naye alikuwemo, maana wifi alipanga kurudi na shehena ya mashudu kutoka kiwanda cha mafuta cha huko, na shehena inataka mlinzi.

Mnaona hesabu ilipokataa. Viti vitano, watu watano, na mbwa.

Kaka mkubwa alifungua mlango wa nyuma, akamkuta Mtasema amekaa dirishani kama diwani.

"Huyu ashuke. Mwanangu akae hapo."

"Huyo ameshafungwa, shemeji."

"Afungwe huko nyuma. Mbwa ni wa nyuma."

"Nyuma hapandi chenye roho."

Kijana akadakia, "Ma'mdogo, basi mimi nitakaa nyuma, si mbaya."

"Wewe una roho au huna?"

"Ninayo."

"Basi umeshajijibu."

Majirani walianza kutoka nje mmoja mmoja, na ufagio mkononi, kana kwamba wote walikumbuka kufagia dakika ile ile. Kaka mkubwa aliwaona. Mtu mwenye kofia mpya hapendi kushindwa mbele ya watu wenye mafagio. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Gari hili ni la mdogo wangu. Nilikuachia kwa huruma. Sasa chagua. Mbwa akishuka, tunaondoka kwa amani. Asiposhuka, kesho asubuhi ufunguo uwe mezani kwangu, na wewe utafute mkokoteni wa kusukumia pumba zako."

Gari lile ndilo lililomlisha wifi na kusomesha wanawe. Nikamnong'oneza, "Wifi, mshushe tu leo. Siku moja haiui."

Aliniangalia. "Ile nayo ilikuwa siku moja."

Akaenda nyuma ya gari, akachukua kamba ya kufungia magunia, akaja nayo taratibu, akaiweka mkononi mwa kaka mkubwa.

"Haya, shemeji. Mfunge wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mfunge shingoni, kama ulivyomfunga mama yake. Na uiache ndefu, apate nafasi ya kujinyoosha."

Ufagio ukasimama mtaa mzima. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo usoni. Kaka mkubwa aliitazama kamba. Mtasema alimtazama yeye, ulimi nje, hana kinyongo. Kaka yangu si mtu mbaya, ila ana shingo ngumu, na niliona ile shingo inatafuta pa kugeukia isipate.

Aliyesogea alikuwa mkewe, mwanamke asiyepandisha sauti hata akiungua. Alikunja gauni lake la harusi, akapanda, akamwambia mbwa, "Nipishe kidogo, bwana," akakaa katikati. Akavuta mkanda. Tukausikia ukibana.

"Mimi nimekaa," akasema. "Anayetaka kumchelewesha bibi harusi amcheleweshe mwenyewe."

Nami nikapanda haraka upande wa pili kabla ujasiri haujanihama. Kijana akakuna kichwa. "Baba, mimi napita stendi nipande basi." Akaondoka, na nadhani alifurahi.

Kaka mkubwa aliiacha kamba ianguke. Akaingia mbele, akaufunga mlango kwa kishindo, kofia mapajani. Wifi akakaa kwenye usukani, lakini hakuwasha gari.

"Shemeji, mkanda."

"Umezidi sasa!"

"Nimezidi. Mkanda."

Alifunga. Safari nzima Mtasema peke yake ndiye aliyepiga usingizi wa raha, akikoroma. Binti alikabidhiwa kwa wakati, mashudu yalipakiwa, tukarudi salama. Kaka mkubwa aliposhuka langoni kwake, hakuaga. Alisema, "Kesho. Ufunguo."

"Kesho," wifi akaitikia.

Nilimwambia alifiche gari kwangu mpaka hasira zipoe. Akaniuliza, "Nifiche? Nimeiba?"

Asubuhi tukaenda, yeye, mimi na mbwa kitini, magunia yamejaa nyuma. Akaegesha langoni kwa kaka mkubwa, akapiga honi. Mkewe akatoka. "Anasema bado amelala."

"Mwambie nangoja aamke."

Akapiga tena. Wateja wakaanza kumpigia simu, naye akawajibu kila mmoja kwa sauti kubwa, "Subirini jamani, shemeji yangu amelala na ufunguo wangu anautaka!" Mafagio yakatoka tena. Mwishowe kaka mkubwa akaja na fulana ya ndani na taulo shingoni.

Wifi akanyoosha mkono, ufunguo kiganjani. "Uliuagiza, nimeuleta. Ukiuchukua, chukua na kazi yake. Magunia hayo yana wenyewe, na wanangoja. Mbwa huyo pale amefungwa. Ukitaka kumfungua, mfungue kwa mkono wako, wote tunaangalia."

Kaka mkubwa akauangalia ufunguo, akayaangalia magunia, akawaangalia majirani. "Nenda kazini," akasema.

"Gari la nani?"

"Mwanamke wewe, nimeshasema nenda kazini!"

"Nauliza mbele ya watu leo, ili nisiulizwe tena kesho. Gari la nani?"

Mkewe akakohoa.

"Lako."

"Na anayekaa ndani anapangwa na nani?"

"Na wewe! Haya, niondolee kelele langoni kwangu."

Wifi hakusema asante. Wala hakuwa na sababu ya kusema. Aliwasha gari, tukaenda. Mteja wa kwanza alitupokea amefura, mikono kiunoni, kwamba kuku wake wamengoja tangu asubuhi. Wifi akampita, gunia begani, akamwambia kuku hawavai saa, na banda lile linanuka.