Mmea Wenyewe Utaomba

Kila asubuhi msanii alipangusa kwanza viatu vyake vyeupe, ndipo akaisalimia mimea. Mimi na mama hatukusalimiwa. Alikuwa amepanda vichaka vya asili katikati ya uwanja wa jiji, vilevile ambavyo mwaka jana mama, mfagizi wa hapo, aliamriwa aving'oe kama magugu. Akaviwekea vijiti vya kupima unyevu na taa: kijani kichaka kimeshiba, nyekundu kina kiu. Ukikipitishia mkono, kinakuambia kwa sauti nyororo iliyorekodiwa, "Asante, ndugu yangu." Yeye mwenyewe udongo aliugusa siku ya kupigwa picha tu. "Mama, usimwagilie," alikuwa akisema, kama anayebembeleza mtoto. "Mmea wenyewe utaomba." Haukuomba. Majani yalikunjamana, taa ikabaki kijani, naye msanii akawaandikia wakubwa wa jiji kwamba mfagizi anaiua mimea kwa maji ya sabuni.

Siku ya uzinduzi wakubwa walikuja na barua ya kumfukuza mama. Mama aliuliza tu, "Mwanangu, hivi vijiti ulivichomeka wapi?" Akafuata waya wa taa kwa ncha ya ufagio hadi pembeni, chini ya bomba linalovuja. Vyote vilikuwa hapo kwenye tope, palipo laini kwa mikono laini. Mkubwa mmoja aliinama kutazama, akakigusa kichaka kilichokauka. "Asante, ndugu yangu," kikasema. Mkubwa akaikunja barua, akaitia mfukoni. Msanii akasema anakwenda garini kuchukua kifaa kingine, akaondoka bila kupangusa viatu. Mama alimwagilia kichaka cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kifaa hakijaja.