Mchuzi Mweusi wa Jirani Yetu

Juzi nilipita Kitengela, na pale kwenye ploti yetu ya zamani nikakuta ghorofa sita. Si nyumba zilizoniliza, wacha nikuambie. Kuna mtu alikuwa ameunguza chakula, na ile harufu ikanirudisha miaka ya tisini, kwa jirani yetu, mama wa kabila la Wabasaa aliyetoka Kameruni na mumewe mhubiri.

Siku hizo pundamilia walikuwa wanafika hadi kwenye ua. Mama yule alifagia asubuhi akiimba nyimbo za kanisa kwa Kibasaa, na sisi watu wa magharibi ya Kenya, tunaojisifu kwa kuimba, tulinyamaza tumsikilize. Kwake huli kabla ya kushikana mikono na kushukuru, hata kama ni hindi moja la kuchoma mnagawana watu watano. "Shukrani haingoji nyama," alipenda kusema.

Basi akapata mtoto, baada ya miaka mingi ya kungoja. Jumapili ya kumpeleka kanisani alitaka kuwapikia washirika chakula cha kwao: samaki wa mchuzi kwa viungo alivyotumiwa na mamake, na vilikuwa vimebaki mkebe mmoja tu. Akaniacha mimi, msichana wa miaka tisa, nichunge jiko.

Nikafunua sufuria. Woi! Mchuzi mweusi tititi, unanuka moshi. Nikajua nimeuunguza. Nikawamwagia mbwa mchuzi wote, nikasugua sufuria kwa majivu hadi ikang'aa.

Wageni wakafika na njaa zao. Mama yule aliiangalia sufuria, kisha akaniangalia mimi.

"Mwanangu, mchuzi uko wapi?"

"Uliungua, Mama. Niliosha."

Akakaa chini. Akanieleza polepole kwamba kwao viungo huchomwa kwanza mpaka viwe kama makaa, ndipo vinasagwa, na weusi ule ndio utamu wenyewe. Mamangu akatafuta kiboko, yeye akamzuia. Alilia, nilimwona. Halafu akapangusa macho, akasonga ugali, mamangu akaleta sukuma wiki. Wakati wa kushukuru aliushika mkono wangu yeye mwenyewe, na siku hiyo aliomba kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Walirudi kwao kabla sijamaliza shule. Pundamilia nao wakaenda, na asubuhi za Kitengela sasa ni honi tu. Mimi kushukuru mezani sijaacha hata siku moja. Lakini ule mchuzi, rafiki yangu, mbwa ndio waliokula. Mimi hadi leo sijauonja.