Limba la Mjomba na Utando wa Buibui

Siku niliyohitimu darasa la jioni nilirudi nyumbani nikisoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa Dodoma nzima. Sikukawia, maana maandishi yenyewe yalikuwa matatu: jina la stesheni, tangazo la boma, na sanduku la sabuni dukani kwa Mhindi. Sanduku nililisoma mara mbili, kwa raha zangu.

Zama hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, reli ikiwa bado mpya, mimi nilikuwa mfagiaji wa stesheni. Sijisifu, lakini stesheni yangu ilikuwa safi hata nzi wakitua walikuwa wakipangusa miguu kwanza. Adui yangu mkubwa alikuwa buibui. Nilimwandama kila pembe, mpaka nadhani buibui wa Ugogo wote walihamia Unyamwezi kwa miguu.

Basi, baada ya darasa kwisha nikajikuta na jioni tupu, na hapo ndipo hamu yangu ya zamani ilipoamka: kupiga limba. Kama hulijui, ni kasanduku ka mti kenye vyuma vyembamba juu yake, unavyovibonyeza kwa vidole gumba. Nilitamani kulipiga tangu nikichunga mbuzi, lakini niliondoka nyumbani mapema nikawa mpagazi wa misafara, na mpagazi vidole vyake vina kazi nyingine.

Mjomba wangu wa Kikuyu, kijiji cha kando ya Dodoma, alikuwa na limba la marehemu babu. Nikamwendea.

"Mtu mzima mwenye ndevu ndiyo kwanza anaanza limba leo?" akauliza.

"Nimejifunza kusoma na ndevu hizi hizi, mjomba."

Akacheka, akalitungua ukutani. "Haya, mpwa wangu. Kaa nalo mpaka tumalize kupura mtama. Siku ya ngoma utapiga mbele za watu. Wanawake wakiitikia, limba ni lako mpaka ufe. Wakicheka, linarudi ukutani, na usiliulizie tena."

Sijawahi kuwa na furaha kama ya majuma yale. Kila jioni nilikaa mlangoni nikajifunza kisomi: niliandika namba kwa chaki juu ya kila chuma, nikapiga moja, tatu, tano, kama mtu anayefanya hesabu. Mwanzoni kuku wa jirani waliacha kutaga. Juma la tatu walirudia kutaga, na mmoja, naapa, alitaga mayai mawili kwa siku. Mke wangu, ambaye alikuwa akinipigia kelele nikapige porini, siku moja nilimwona anatwanga kwa kufuata mapigo yangu. Nikajua nimefika.

Ikafika jioni ya kuamkia siku ya ngoma. Nikaona si vizuri mjomba akute chaki juu ya limba la babu, nikaamua kuliosha. Unajua tena mfagiaji. Nilifuta namba, nikapaka mafuta, kisha nikaona tundu dogo katikati ya ubao limezibwa na utando wa buibui. Buibui! Nyumbani kwangu! Nikautoa kwa ncha ya kisu, nikalisugua tundu mpaka likang'aa.

Asubuhi nikapiga kujaribu. Limba lilitoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa choo.

Mke wangu akatoka jikoni mbio. "Umelifanya nini?"

"Nimelisafisha tu. Lilikuwa na utando wa buibui tunduni."

Akashika kiuno. "Ee msomi wangu! Utando ule ndio unaolifanya lilie kwa mtetemo. Hata mtoto wa Kigogo anajua. Ni kile kiganda cheupe buibui anachofunikia mayai yake ukutani."

"Basi nikatafute kimoja humu ndani."

"Humu? Kwako wewe? Hata mchwa wanapita hapa wakinyata!"

Kweli, nyumba ilikuwa kama yai lililomenywa. Kwenda kuomba kwa jirani nisingeweza: mtu mzima na kanzu yangu, niombe buibui? Habari ingefika Kikuyu kabla yangu, na wanawake wangeanza kucheka hata sijakaa. Ningelipoteza limba la babu kwa ajili ya usafi.

Hapo nikakumbuka mahali pamoja ambapo ufagio wangu haukuwahi kupita. Ofisini mwa bwana stesheni mlitundikwa picha ya Kaisari, mfalme wa Wadachi, na sisi wafagiaji tulikatazwa kuigusa. Bwana mwenyewe alikuwa akimpangusa Kaisari uso kwa leso yake. Uso, lakini si mgongo.

Siku ile ilikuwa Jumapili na bwana amekwenda kuwinda kanga. Nikapanda juu ya meza, nikaisogeza picha taratibu. Looo! Nyuma ya Kaisari palikuwa na himaya nyingine nzima ya buibui, na viganda vyeupe kama rupia mpya.

"We! Unafanya nini?" Askari wa zamu alikuwa mlangoni, bunduki begani. "Hujui hiyo ni hamsa ishirini?"

Viboko ishirini na tano! Nikamweleza upesi upesi, limba, mjomba, ngoma, meza ikiyumba chini yangu.

Akashusha bunduki begani. "Wanawake wakiitikia, linakuwa lako kabisa?"

"Kabisa."

Akaja akaegemea meza. "Mimi sijaona kitu. Ila fanya haraka, mguu wa meza hii unacheza."

Nikabandua kiganda kimoja kikavu, nikakitia ndani ya kofia, na njiani nikakibandika tunduni kwa utomvu wa mti.

Kikuyu watu walikuwa wamejaa uwanjani, pombe ya mtama inazunguka. Nikaketi, nikabonyeza chuma cha kwanza. Limba likalia, likavuma kama nyuki elfu wenye habari njema. Nikaanza wimbo wa kupura. Bibi mmoja akainua kibuyu chake, akaitikia. Wa pili akafuata, kisha ngoma za wanawake zikaingia zote kwa pamoja, na vumbi lililoinuka lilionekana, naamini, mpaka Chamwino.

Nilipomaliza, mjomba alilichukua limba, akachungulia tunduni.

"Utando wangu ulikuwa mweusi kwa moshi wa nyumba yangu ya tembe. Huu mweupe umeutoa wapi?"

"Kwa Kaisari, mjomba."

Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanirudishia limba kwa mikono miwili. "Chukua. Ni lako."

Tangu siku hiyo pembe moja ya nyumba yangu haikuguswa na ufagio. Wageni wakishangaa, mke wangu aliwaambia wasisogee karibu: hapo ni kwa Kaisari.