Donge la Karatasi

Mbinya alikuwa mtu wa vyondo. Kabla Kitui haijaingiwa na wazimu wa plastiki, hakuna mwanamke aliyeenda sokoni bila kiondo, na vingi vilikuwa vyake, vya mkonge aliousokota pajani mwenyewe. Kisha, miaka ya themanini ikielekea kwisha, yakaja majuala ya plastiki. Watu wakayabandika jina la karatasi, na jina hilo ndilo lililotumaliza. Si karatasi huoza? Basi wakayatupa mtoni, vichakani, hata kwenye samadi, wakingoja yaoze. Mpaka leo wanangoja!

Mbinya alipomuuliza Rashid mwenye duka kama kweli yataoza, alijibiwa kwa kicheko, "Ni karatasi tu, Mama Muli. Mvua moja, imeisha."

Ukaja mwaka wa ukame, nyasi zikakauka, mifugo ikala ilichokiona. Mvua ya Novemba ikiwa mlangoni, Kitune, maksai wake wa kulimia, akavimba tumbo akafa. Maksai mmoja aliyebaki havuti plau peke yake. Majirani wakasema ni njaa. Njaa gani, na tumbo limejaa? Mutie mchinjaji alipolipasua, alitoa donge kubwa kuliko kichwa cha mtu, karatasi juu ya karatasi, zimesokotana vibaya. Moja bado ilikuwa na fundo la masikio mawili, vile Rashid hufunga sukari.

Mbinya hakulia. Alilitia donge ndani ya kiondo akashika njia ya dukani, damu ikimchemka. Hasira hasara, husema wenye maksai wawili.

Alilibwaga kwenye mizani mbele ya wateja. "Pima!"

Rashid akaweka jiwe la kilo upande wa pili, akaongeza, akaongeza tena. Donge halikunyanyuka.

"Mama Muli, hii ni nini?"

"Ni ile karatasi yako. Imekaa kwa tumbo ya ng'ombe yangu na haijaisha. Sasa niambie, mvua ikikuja nitalima na nini? Nikufunge wewe kwa plau?"

Rashid aliliona lile fundo, akalijua, uso ukamshuka.

"Pole, mama. Pole sana."

Kisha, asijue la kufanya na uchafu ule juu ya mizani ya sukari, mkono wake ukaenda wenyewe pale ulipozoea kwenda, chini ya meza, ukachomoa juala jipya.

"Ngoja nikutilie kwa karatasi," akasema.