Shamba Lililolala Kilimani

Kwetu shamba halitelekezwi. Linalala. Ukimuuliza mtu wa kwetu, huku upande wa Ndalambo, habari za kipande fulani cha pori, akakujibu kwamba limelala, basi amekwambia mambo matatu kwa mpigo: liliwahi kulimwa, lina mwenyewe, na ipo siku litaamshwa. Hatukuwa na hati wala mawe ya mipaka. Neno hilo ndilo lililokuwa hati yetu. Mimi nililiharibu mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, kwa Kiswahili changu kizuri, na watu wakapiga makofi.

Mama yangu alikuwa na shamba kilimani. Lilikuwa shamba la ulezi, la namna ile ya wazee wetu: mwanaume anapanda juu ya mti, anakata matawi na kuliacha shina lizima, mwanamke anayakusanya matawi na kuyarundika, yakikauka yanachomwa kabla ya mvua ya kwanza, na ulezi unamwagwa kwenye majivu. Baada ya misimu michache udongo unachoka, shamba linalazwa, miti inarudi. Shamba letu lililazwa mwaka nilioanza darasa la kwanza. Nikiwa darasa la tano baba akafariki, na mama akabaki na kipande cha mahindi kule chini, kipande kilichokuwa kimechakaa kama khanga ya kulalia. Mbolea tulikuwa tukiiona ikipita juu ya malori kuelekea mpakani Tunduma. Kutufikia sisi ilikuwa bahati.

Kwa hiyo mama alikuwa akisubiri. Alipotoka kuchota maji alitua ndoo, akatazama kilimani, akasema, "Bado kidogo." Kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe. Matawi yakifikia unene wa mkono wake tungeliamsha shamba, na ulezi wa huko ungemfikisha uzeeni bila kuombaomba. Hakuwa na mpango mwingine. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Mpango ulikuja tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Mbozi, kabla hatujakatwakatwa kuwa wilaya mpya. Uliitwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, na nyuma yake kulikuwa na mradi wa misitu na mabadiliko ya tabianchi. Kijiji kiliupokea kwa mikono miwili, na si kwa ajili ya tabianchi. Wafugaji walikuwa wamehamia bondeni na makundi ya ng'ombe na majembe ya kukokotwa, watu wachapakazi wasio na ugomvi, lakini kila mwaka walikuwa wengi zaidi. Matajiri wa Tunduma nao walikuwa wameanza kuulizia ekari. Tuliambiwa kijiji chenye ramani hakiporwi. Tukasema ramani na ije.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kumaliza kidato cha nne Tunduma na kufeli vizuri tu. Lakini niliandika mwandiko wa kusomeka, na Kiswahili changu hakikuwa na lafudhi ya nyumbani, jambo nililolifanyia kazi kwa bidii kuliko hisabati. Nikateuliwa karani wa kamati ya mpango huo na mkalimani wa mtaalamu aliyeletwa na mradi, kwa sababu wazee wengi, mama yangu akiwemo, walikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kuuliza bei na kushukuru.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya kupanda milima. Siku ya kwanza, ndani ya darasa la shule ya msingi, alieleza kwamba miti inavuta hewa ukaa na kuihifadhi mwilini, na kwamba nchi za mbali zenye viwanda zingewalipa watu wanaoiacha miti isimame. Darasa zima lilisikia "hewa mkaa". Mzee mmoja aliyekuwa akichoma mkaa wa kupeleka Tunduma aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama hewa hiyo inafungwa kwenye gunia au kwenye dumu. Mwingine akasema ikifika mpakani Wazambia wataipitisha njia za panya kabla sisi hatujaionja. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi nilicheka kicheko kingine, kile cha kumwonyesha mtaalamu kwamba siko kundi moja na hawa. Ningekuwa na akili niliyo nayo leo ningejizaba kofi.

Siku ya tatu tulichora ramani. Ilichorwa kwanza chini, uwanjani, kijiji kizima kikiwa kimesimama kuzunguka. Mto ulichorwa kwa fimbo, barabara kwa mstari wa kokoto. Mtaalamu alieleza kwamba penye shamba watu wamwage majivu, na penye msitu waweke majani mabichi. Kisha yote yangenakiliwa kwenye karatasi, na karatasi ingeenda wilayani. Watu walipendezwa na mchezo huo. Walibishana, walisukumana, kila mmoja akamwaga majivu yake.

Mama alisubiri wanaume wamalize. Halafu akaingia, akiwa ameshika majivu kiganjani, akainama pale kilipochorwa kilima, akayamwaga taratibu kama anayetia chumvi kwenye mboga. Mtaalamu akaangalia karatasi zake, akaniuliza mimi, "Huko juu si msitu? Muulize mama kama kuna mazao sasa hivi."

Nikamuuliza kwa Kinamwanga, lugha ya kwetu. Mama akanijibu neno moja, akinitazama kwa mshangao kidogo, maana lilikuwa jambo ninalolijua.

"Limelala."

Kiswahili cha neno hilo nilikuwa nacho. Ningeweza kusema shamba limepumzishwa. Ningeweza hata kusema limelala, na mtaalamu angeuliza maana yake. Lakini shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba kilimo cha kukata na kuchoma ni adui wa mazingira, na niliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata vema. Sikutaka mtaalamu ajue kwamba yule mama mwenye majivu mkononi na harufu ya moshi kwenye khanga alikuwa mama yangu, na kwamba ada yangu ya kidato cha kwanza ilitokana na akiba ya ulezi wa kilima kile. Niliona aibu. Aibu tupu, hakuna jina lingine.

Nikasema, "Hakuna kitu kwa sasa."

Mtaalamu akachuchumaa, akayafagia majivu ya mama kwa kiganja, akaweka majani mabichi ya mti wa mwombo. Akamshukuru. Mama naye akashukuru, akadhani majani ni alama ya shamba lililolala, na kwa kweli ilikuwa alama nzuri ya kitu hicho. Watu wakapiga makofi kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha.

Karatasi ilirudi baada ya miezi ikiwa ramani ya rangi, imebandikwa ukutani ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Bondeni kulipakwa njano, malisho ya wafugaji. Kilima chote kilikuwa kijani kibichi, na maandishi yake yalisema msitu wa hifadhi wa kijiji. Nilisimama mbele yake nikayasoma maandishi hayo mara mbili. Mtaalamu alipokuja tena nilimweleza pembeni kwamba palikuwa na kosa dogo la lugha. Hakunikaripia. Alisema ramani imeshapitishwa, na marekebisho hufanyika wakati wa mapitio. Nikamuuliza mapitio ni lini. Akasema baada ya miaka kadhaa, kisha akaniambia kuna mafunzo ya makarani Mbeya na kwamba amenipendekeza. Nilikwenda. Mama sikumwambia kitu. Kila nilipotaka kumwambia nilijikuta namsaidia kazi nyingine.

Vibao vilipandwa njiani kuelekea kilimani. Mama alikuwa hajui kusoma, na watu walipomwambia msitu umefungwa alijibu kwamba umefungwa kwa wezi wa mbao, na jambo hilo ni jema.

Kisha ukaja mwaka ambao matawi yalifikia unene wa mkono wake. Mimi nilikuwa kwenye kikao Ndalambo. Mama alimwomba baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, apande juu ya miti akate matawi, maana hiyo ni kazi ya kiume. Walifanya kazi siku mbili bila kujificha, wakiimba, na ndiyo maana mgambo wa msitu waliwapata kwa urahisi. Baba mdogo aliporuka chini hakusimama mpaka Zambia, kwa ndugu zetu wa upande ule, na huko ndiko aliko hadi leo. Mama hakukimbia. Mgambo walisema walimkuta amekaa juu ya rundo la matawi, akawakaribisha.

Nilirudi nikakuta ameketi kwenye benchi ofisini, shoka la baba mdogo likiwa mezani. Mtendaji alisema anaona vibaya, anamheshimu mama yangu, lakini maelezo lazima yaandikwe na karani ni mimi. Alitoka akatuacha wawili. Fomu ilikuwa na mistari: jina, kosa, mahali, utetezi.

Mama alikuwa mtulivu. Alidhani kwa kuwa kalamu iko mkononi mwangu, jambo limekwisha.

"Andika limelala," aliniambia. "Waambie na mwaka lililolazwa. Wewe unaujua."

Niliujua. Lakini kama ningeandika kwamba lilikuwa shamba, swali la pili lingekuwa nani alisema si shamba. Niliogopa kazi, niliogopa mtaalamu, niliogopa zaidi uso wa mama akijua. Kwenye mstari wa mahali nikaandika msitu wa hifadhi wa kijiji. Kwenye utetezi nikaandika kwamba mtuhumiwa hakujua sheria.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mama."

Akanyoosha dole gumba, nikalipaka wino, akalikandamiza pale nilipomwonyesha. Alinyanyua kidole kwa uangalifu ili asichafue karatasi yangu.

Siku ya baraza, mtendaji alisoma maelezo kwa sauti, kwa Kiswahili, na mzee mmoja akatafsiri kwa Kinamwanga. Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilimwona akisubiri neno lake. Lilipokosa kutokea, na mzee akaketi, mama aligeuza shingo akanitafuta mpaka akanipata. Baraza lilimsamehe adhabu kwa sababu ya umri, likachukua shoka, likamkataza kupanda kilimani. Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele, na usiku ule alinipakulia chakula kama kawaida. Ningependa angenitukana.

Yaliyofuata hayana mengi. Mahindi ya kule chini yalikuwa yakitoa vigunzi. Mama akaanza kushuka bondeni kufanya vibarua vya kupalilia kwenye mashamba ya wafugaji, mwendo wa saa mbili kwenda na nyingine kurudi, katika umri ambao wenzake walikuwa wakibembeleza wajukuu. Wale watu walimtendea vema, walimpa maziwa ya kubeba. Mimi nilikuwa nikimpa nilichokuwa nacho, akikipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Habari ya kilima hakuitaja tena. Alipochota maji hakutua ndoo. Alifariki masika moja kwa homa ya mapafu, baada ya kunyeshewa akitoka bondeni.

Mradi nao ulikwisha. Hatukuonyeshwa ilikouzwa hewa yetu, na yule mtaalamu mpole alihamia kwingine. Vibao vikaoza. Malori yakaanza kupanda kilimani kufuata mkaa wa Tunduma, na wachomaji hawakuwa na desturi ya kuacha mashina. Tulikuwa tumeshawekwa Wilaya ya Momba wakati huo, na wilaya mpya ilitaka ramani mpya. Yale mapitio niliyoahidiwa yalifika.

Safari hii alikuja msichana mwenye kompyuta ya mkononi. Hakuhitaji majivu. Tulipanda naye kilimani, mimi nikiwa mjumbe wa kamati, na tukasimama kwenye sehemu ndogo ambayo malori yalikuwa bado hayajaifikia. Rundo la matawi ya mama lilikuwa limekuwa udongo, lakini mashina aliyoyakata matawi baba mdogo yalionekana, yamechipua matawi mapya, manene kupita mkono wa mtu yeyote. Nilikuwa nimelisubiri swali lile kwa miaka.

"Eneo hili linatumiwa na nani?" aliuliza.

"Limelala," nikasema.

Aliinua macho. "Maana yake nini, mama?"

Nikamweleza vizuri, bila haraka, mambo yote matatu. Aliitikia kwa kichwa, alikuwa msikivu kweli. Nikaanza kuona pumzi inanirudi.

"Sawa, lina mwenyewe," akasema, vidole vikiwa tayari. "Ni nani, na yuko wapi?"

Baba mdogo alikuwa raia wa kwingine. Mimi nilikuwa nimeshaolewa kwa watu wengine, na kwa desturi yetu shamba la kilimani haliamshwi na binti aliyeolewa. Nilitafuta jibu la kweli, nikapata moja tu.

"Naye amelala," nilimwambia.

Alinipa pole. Aliandika kitu kifupi. Nikamwomba anisomee, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe, na kwenye kisanduku cha mtumiaji palikuwa pameandikwa: hakuna.